Maswali ya Bibi: Jiwe la shabu na maji ya Rufiji

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki hii, unajua tuliishiwa na muda kabla ya kulimaliza swali la mwisho, tukaahidi kulijibu hapa kwa maandishi. Basi ahadi ni deni.

Swali lilitoka kwa msikilizaji wetu wa Leicester. Bibi yake mzaa mama anaishi karibu na Utete, kando ya mto Rufiji. Masika yakiingia, mto unapata rangi ya chai ya maziwa. Bibi anateka maji, anayamimina kwenye pipa, kisha anachukua jiwe jeupe linalong'aa kama chumvi ya mawe, analizungusha majini mara kadhaa, anafunika. Asubuhi maji ya juu ni meupe, na tope lote limelala chini. Jiwe lenyewe linaitwa shabu.

Sasa kwenye kundi la familia la WhatsApp vita vimewaka. Binamu mmoja anayesoma Dar amesema shabu ni kemikali na itamuua bibi. Mjomba akamjibu kwamba bibi ana miaka 80 na shabu yake, na yeye binamu kila siku anaumwa tumbo. Wakati huohuo wajukuu wa Uingereza wamechanga hela na wanataka kujua wanunue nini. Waache bibi aendelee na shabu? Wanunue chujio? Watume dawa ya klorini?

Jibu fupi: kuhusu tope, bibi yuko sahihi kabisa, na kuna kemia nzuri sana nyuma ya lile jiwe. Ila kuna kitu ambacho binamu na mjomba wote wawili wamekiruka. Ili tukione, inabidi kwanza tuelewe shabu inafanya nini.

Neno lenyewe kwanza

Shabu limetoka kwenye Kiarabu, shabb. Ukienda dukani Oman utaipata kwa jina hilohilo au linalofanana nalo. Kwenye maduka ya Wahindi ulizia fitkari. Vinyozi wengi huipaka usoni baada ya kunyoa, kwa sababu inazuia damu kwenye vidonda vidogo. Marekani inauzwa ya unga kwenye rafu za viungo, watu huitumia kutengeneza achari.

Angalizo moja kwa mlioko Ghuba: huko, na pia Ufilipino, shabu ni jina la mtaani la dawa mbaya sana ya kulevya. Kwa hiyo ukilitafuta neno hili mtandaoni na kuletewa habari za polisi, usishtuke. Bibi hayumo humo.

Kikemia, shabu ya kawaida ni chumvi yenye potasiamu, aluminiamu na salfeti. Shikilia hiyo aluminiamu, tutairudia.

Kwa nini tope halitulii lenyewe

Mchanga ukiutia kwenye glasi ya maji unazama mara moja. Udongo wa mfinyanzi hauzami. Sababu ya kwanza ni ukubwa. Chembe za udongo huo ziko chini ya maikrometa 2, yaani sehemu 2 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Chembe ya maikrometa 1, ukipiga hesabu, inahitaji kama wiki 2 kuzama mita moja kwenye maji yaliyotulia. Ikiwa ndogo zaidi mara 10, hesabu inakwenda zaidi ya miaka 3, na kiuhalisia haifiki kabisa, kwa sababu molekuli za maji zinaipiga kumbo huku na huku bila kupumzika.

Mchanganyiko wa namna hii, wa chembe ndogo mno zilizoelea ndani ya kitu kingine bila kuyeyuka, unaitwa koloidi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1861 na Thomas Graham, mkemia mzaliwa wa Glasgow. Maziwa ni koloidi. Rangi ya ukutani ni koloidi. Na chai ya maziwa ya mto Rufiji ni koloidi.

Lakini ukubwa peke yake hautoshi kueleza. Chembe ndogo zingegongana na kushikana, zingekuwa bonge, na bonge lingezama. Na kugongana zinagongana, maana hazitulii. Swali la kweli ni kwa nini hazishikani.

Kila mmoja na mwavuli wake

Hazishikani kwa sababu ya umeme. Chembe ya udongo imejengwa kwa namna ambayo uso wake una chaji hasi. Na chembe jirani nayo ni hasi. Vitu vyenye chaji ya aina moja vinasukumana, kama sumaku mbili ukizielekeza ncha zinazofanana.

Ila haiishii hapo. Majini daima kuna ioni, yaani vipande vidogo vyenye chaji vinavyotokana na chumvi iliyoyeyuka. Chumvi ya mezani ikiingia majini inaachana: sodiamu inakuwa chanya, kloridi inakuwa hasi. Kitu chochote kinachoachana hivi majini kinaitwa elektroliti. Ndiyo, ni zile zile elektroliti zilizoandikwa kwenye chupa yako ya gym. Ni chumvi tu, bei ndiyo imepanda.

Basi ioni chanya zinavutwa na chembe ya udongo na kuizunguka kama wingu. Fikiria watu kituo cha basi London siku ya mvua, kila mmoja amefungua mwavuli mkubwa. Hata wakitaka kusogeleana, miavuli inagongana kwanza. Chembe za udongo ziko hivyo. Mwavuli wa kila moja ni lile wingu la chaji.

Na kuna nguvu ya pili, ya kuvutana. Vitu vyote vikikaribiana sana vinavutana kidogo. Nguvu hii ni ya karibu mno, haifiki mbali. Chembe mbili zikiweza kugusana, zinanasana na haziachani kirahisi. Tatizo ni kwamba mwavuli hauziruhusu zifike huko.

Hesabu ya nguvu hizi mbili, ya kusukumana na ya kuvutana, ilikamilishwa na pande mbili: Derjaguin na Landau huko Urusi ya Kisovyeti mwaka 1941, na Verwey na Overbeek huko Uholanzi mwaka 1948. Hadi leo nadharia hiyo inaitwa kwa herufi zao nne, DLVO.

Chumvi inafunga mwavuli

Ukiongeza elektroliti, ioni chanya zinakuwa nyingi majini, na nyingi zinajibana karibu na chembe. Lile wingu linasinyaa. Kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, kama gramu 0.06 kwa lita, unene wake ni nanometa 10 hivi. Kwenye maji ya bahari ni chini ya nanometa 1. Miavuli imefungwa. Sasa chembe zikigongana zinafika kwenye ile nguvu ya kuvutana, na zinashikana. Moja na moja, mbili na mbili, mpaka bonge linaonekana kwa macho. Hapo ndipo tunasema koloidi imeganda.

Mtu mmoja aliliona hili kwa dhahabu. Michael Faraday, kwenye Royal Institution ya London, alitengeneza maji yenye chembe ndogo sana za dhahabu. Hayakuwa ya manjano, yalikuwa mekundu kama zabibu. Kwenye makala yake ya mwaka 1857 alieleza kwamba ukitia chumvi kidogo, wekundu unageuka kuwa bluu. Yeye mwenyewe hakuwa na nadharia ya miavuli, lakini leo tunajua ni nini kilitokea: chembe zilishikana, na rangi ikabadilika kwa sababu ukubwa ulibadilika. Baadhi ya chupa zake bado zipo palepale, Albemarle Street. Mlioko London, nendeni mkaone. Na ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya Covid vya nyumbani? Ni chembe za dhahabu, ndugu ya dhahabu ya Faraday.

Moja, mbili, tatu

Sasa turudi kwa bibi. Kama chumvi inagandisha tope, kwa nini bibi asitie chumvi ya jikoni? Kwa sababu ingebidi atie nyingi mno, na maji yasingenyweka.

Mwaka 1882 Hans Schulze aligundua jambo la ajabu, na mwaka 1900 William Hardy akalikamilisha. Kinachotenda kazi ni ile ioni yenye chaji tofauti na ya chembe. Chembe zikiwa hasi, tazama ioni chanya. Na uwezo wake hauongezeki kidogo kidogo. Unaruka.

Mfano unaorudiwa sana vitabuni ni koloidi ya arseniki na salfa, ambayo nayo ni hasi. Ili kuigandisha kwa sodiamu, yenye chaji 1, zinahitajika milimoli 51 kwa lita. Kwa magnesiamu, chaji 2, inatosha 0.72. Kwa aluminiamu, chaji 3, inatosha 0.093. Hebu soma tena namba hizo. Kutoka chaji 1 hadi 3, mahitaji yameshuka zaidi ya mara 500.

Ndiyo maana jiwe dogo la shabu linafanya kazi ambayo gunia la chumvi lingehangaika nalo. Bibi hakusoma Schulze wala Hardy, lakini jiwe alilonalo mkononi lina chaji 3.

Na aluminiamu ina ujanja wa ziada. Ikiingia majini haikai peke yake. Inaungana na maji yenyewe, inatengeneza vitu vyenye chaji chanya vinavyojibandika juu ya udongo, halafu inatengeneza utando laini mweupe kama uji mwepesi. Utando huo unashuka taratibu na kufagia kila kilichomo njiani. Mabonge unayoyaona pipani, mepesi kama pamba, ni udongo na utando huo pamoja.

Mbegu za mlonge nazo zinafanya jambo la jamii hiyohiyo. Ndani yake mna protini yenye chaji chanya, na Sudan wanawake wamezitumia kwa muda mrefu kusafisha maji ya Nile.

Mto nao una shabu yake

Shuka na mto kutoka Utete hadi Bahari ya Hindi. Tope la Rufiji limesafiri mamia ya kilomita bila kutulia. Likifika kwenye delta, mambo mawili yanatokea pamoja. Maji yanapunguza mwendo, na yanakutana na chumvi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita, yenye sodiamu, magnesiamu na kalsiamu. Miavuli inafungwa. Udongo unashikana, unazama, na mikoko inapata mahali pa kusimama. Bahari haina aluminiamu ya kutosha kuhesabika, lakini ina chumvi nyingi kiasi kwamba haihitaji. Kile anachofanya bibi pipani kwa chaji, bahari inakifanya kwa wingi.

Je, ni sumu?

Binamu ana haki ya kuuliza. Shabu ni kemikali, kama vile chumvi na maji vilivyo kemikali. Salfeti ya aluminiamu, ndugu wa karibu wa shabu, inatumika kwenye mitambo ya maji ya miji mingi duniani, mara nyingi makumi ya miligramu kwa lita. Karibu aluminiamu yote inaondoka na lile tope la chini. Uingereza, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya bomba ni mikrogramu 200 kwa lita.

Lakini kipimo ni kipimo. Julai 1988, kwenye kituo cha maji cha Lowermoor karibu na Camelford, kusini magharibi mwa Uingereza, dereva wa lori alimwaga tani 20 za salfeti ya aluminiamu kwenye tangi lisilo lake. Maji yakawa na asidi, yakakwangua metali kwenye mabomba, na yakafika kwenye nyumba za watu kama 20,000. Dawa ilikuwa ileile inayotumika kila siku. Kilichoharibika ni kiasi na mahali.

Mtu mwenye ugonjwa wa figo ni habari nyingine. Figo ndizo zinazotoa aluminiamu mwilini. Kama kuna mgonjwa wa figo nyumbani, muulizeni daktari wake kabla ya kutumia shabu.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: shabu ikizidi, maji yanaweza kuchafuka tena. Chaji chanya ikijaa mno juu ya udongo, chembe zilizokuwa hasi zinageuka kuwa chanya zote, na zinaanza kusukumana upya. Ukiona umeongeza na maji hayatulii, kuongeza tena huenda kukazidisha tatizo.

Safi na salama ni maneno mawili

Hapa ndipo mjomba na binamu wote walipopitwa. Nyumbani tumezoea kusema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, kama neno moja. Ni mawili. Shabu inakupa safi. Salama ni kazi ya kitu kingine.

Ni kweli kwamba tope likizama linashuka na vijidudu vingi, kwa sababu vijidudu navyo ni vidogo, vingi vina chaji hasi, na vinapenda kujibandika kwenye udongo. Kwa hiyo maji ya shabu ni afadhali kuliko ya mtoni. Lakini havishuki vyote, na kipindupindu hakihitaji vyote. Glasi ya maji meupe kabisa inaweza kuwa na vijidudu vya kutosha kumlaza mtu. Mbaya zaidi, weupe wake unakudanganya. Maji ya tope kila mtu anayaogopa, maji meupe mtu anampa mtoto.

Upande wa pili nao ni kweli. Ukitia klorini kwenye maji ya tope, uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu, na vingine vinajificha ndani ya mabonge. Yaani klorini inamhitaji shabu atangulie. Mitambo ya miji inafuata mpangilio huohuo: gandisha, tuliza, chuja, kisha ua vijidudu.

Kwa hiyo, hela za mchango

Hivi ndivyo ningewaambia wajukuu wa Leicester.

Msimnyang'anye bibi shabu yake. Kwa pipa la lita 200, gramu 6 hivi ni mwanzo mzuri, kijiko kidogo cha unga wake. Tope likiwa jingi inahitajika zaidi. Njia nzuri ni kujaribu kwanza kwenye chupa 4 au 5 za lita moja, kila moja na kiasi chake, na kuchagua ile iliyotulia kwa shabu kidogo kuliko zote.

Akoroge kwa nguvu mwanzoni, dakika moja, ili shabu isambae. Kisha akoroge polepole dakika kadhaa, ili mabonge yakutane bila kuvunjika. Halafu aache yatulie, ayachote ya juu, na ayachuje kwa kitambaa safi.

Baada ya hapo, ndipo hela zenu zinapoingia. Tumeni dawa ya klorini ya maji, na afuate maelekezo ya chupa. Au achemshe. Jua nalo linafaa: chupa angavu ya plastiki ya lita 1 au 2, imelazwa juani kwa muda wa saa 6, lakini hili halifanyi kazi kama maji bado yana ukungu. Kuna pia pakiti za gramu 4 zenye salfeti ya chuma na klorini ndani yake, moja kwa lita 10. Chuma nacho kina chaji 3, kwa hiyo pakiti inafanya kazi zote mbili. Mwisho, nunueni ndoo yenye mfuniko na koki, ili mikono na vikombe visiingie kwenye maji ambayo tayari yamehangaikiwa.

Na kumwambia bibi, tafadhali, aanze mama yenu au mjomba, kwa simu, kwa heshima. Msianze na "bibi, umekosea". Anzeni na "bibi, shikamoo, shabu yako tumeielewa, sasa tunaomba tuongeze hatua moja."

Jaribu mwenyewe

Chukua glasi tatu na udongo wa bustani. Kwenye ya kwanza usitie kitu, ya pili tia chumvi, ya tatu tia shabu kidogo. Tumia maji ya mvua au yale yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya pasi. Mlioko London msitumie ya bomba: yana kalsiamu nyingi, ile inayoacha ukoko kwenye birika, na ina chaji 2, kwa hiyo hata glasi isiyo na kitu itaanza kutulia. Mlioko Glasgow, maji yenu ni laini, mna bahati. Piga picha kila baada ya dakika 10, ututumie.

Wiki ijayo swali linatoka Muscat: kwa nini tui la nazi hujitenga likichemka sana, na kwa nini bibi anakataza kuliacha bila kukoroga. Kama na wewe bibi au babu amekuachia swali, tuma ujumbe wa sauti. Kiswahili cha kuungaunga kinaruhusiwa, ndicho tulichonacho wengi wetu.